Jangili Naye Husoma Taarifa kwa Umma

Desemba 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika Ngorongoro na swali ambalo hata mtoto wa darasa la pili angeuliza: Faru John yuko wapi? Faru huyo mweusi, dume lililojulikana kwa jina na waliofanya kazi ndani ya kreta, alikuwa ameondolewa mwaka mmoja kabla, akapelekwa Grumeti, magharibi ya Serengeti. Jibu likaja kwamba alikwishakufa tangu Agosti. Zikaletwa pembe. Waziri Mkuu hakuzipokea hivihivi, akataka zipimwe. Kamati iliyoongozwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, Profesa Samuel Manyele, ilikabidhi ripoti Machi 2017: vinasaba vimelingana, pembe ni zake kweli, na kifo chake kilichangiwa na kukosa uangalizi wa karibu alipokuwa mgonjwa.

Kwa hiyo pembe zilikuwapo muda wote. Lakini katika miezi ile ya kusubiri maabara, vijiweni hukumu ilikwishatoka: faru kauzwa. Ukimwuliza mtu leo kuhusu Faru John, uwezekano ni mkubwa atakumbuka tuhuma, na hatakumbuka majibu ya vipimo. Hivyo ndivyo taarifa iliyochelewa inavyogharimu: ukweli unafika, unakuta kiti kimekaliwa.

Ni rahisi kusema wangetangaza mapema, basi. Mwaka 2015 wangesema faru anahamishwa na kwa nini; Agosti 2016 wangesema amekufa, mzoga umechunguzwa, pembe ziko chini ya ulinzi. Lakini jaribu kujiweka kwenye kiti cha afisa habari wa mamlaka ya uhifadhi. Faru yuko ndani ya sanduku, juu ya lori, njiani. Utatangaza lini? Utataja njia ipi? Pembe ya faru kwenye soko la magendo ina bei inayoweza kumfanya mtu apange safari ya kuvizia lori lako. Hapa ndipo fundo linapoanza, na ndiyo sababu kazi hii haifanani na kuwa msemaji wa mamlaka ya maji au ya bandari.

Taarifa ya mamlaka ya maji husomwa na watu wanaotaka maji. Taarifa ya wanyamapori husomwa na watu wasiotaka kitu kimoja. Kuna mtalii, au wakala wake, anayetaka kusikia kwamba hifadhi ni nzuri na salama. Kuna mkulima wa Tunduru au Bunda anayetaka kujua kama leo atalala nyumbani au kwenye dungu akilinda mahindi. Na kuna jangili, ambaye naye ana simu, naye husoma. Chukua sentensi moja fupi: “Idadi ya tembo imeongezeka.” Mtalii atafurahi. Mkulima atasikia kwamba msimu huu hali itakuwa mbaya zaidi. Jangili atasikia kwamba mzigo upo. Afisa habari ameandika maneno manne tu, na tayari amezungumza na watu watatu, mmoja tu kati yao akiwa ndiye aliyemkusudia.

Kwa kawaida aliyekusudiwa ni mtalii. Nasema hivi bila kuwaonea. Hifadhi huingiza fedha za kigeni, bajeti hutetewa kwa idadi ya wageni, na kurasa za mitandaoni za mamlaka zetu zimejaa machweo ya jua na watoto wa simba. Mkulima hupewa aya ya mwisho, ile inayoanza na “Aidha, wananchi wanaoishi kandokando ya hifadhi wanaaswa...”

Kabla hatujafika kwa huyo mkulima, tumalize la jangili, maana ndilo hutumiwa kama kisingizio cha ukimya.

Mwaka 2014, Tsavo Mashariki nchini Kenya, waliishi tembo wachache wenye pembe zilizokaribia kugusa ardhi. Maarufu kuliko wote alikuwa Satao. Tarehe 30 Mei alikufa kwa mshale wenye sumu. Majangili walikuwa wameukata uso wake, ikawa vigumu kumtambua kwa hakika. Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, pamoja na wadau wake wa Tsavo, walithibitisha kifo hicho kwa umma tarehe 13 Juni, majuma mawili baadaye. Wapo walioona majuma mawili ni mengi. Mimi naona hapo kulikuwa na sababu: ukitangaza kwamba mnyama anayejulikana dunia nzima amekufa, halafu akaonekana mtoni kesho yake, hakuna atakayekuamini tena ukitangaza kifo cha mwingine.

Tofauti ya Satao na Faru John iko kwenye kile kilichofanywa wakati wa ukimya. Kwa Satao watu walikuwa wakithibitisha, na mwisho wa uthibitisho taarifa ikatoka kwa hiari ya waliokuwa nayo. Kwa Faru John ilibidi kiongozi wa juu afike mlangoni na kuuliza. Ningependa kila afisa habari wa uhifadhi aweke mpaka hapo. Usalama una haki ya kuficha kesho: doria itapita wapi, faru atahamishwa lini, ghala la nyara liko upande gani wa jengo, picha ile ilipigwa bonde lipi. Jana ni kitu kingine. Mnyama aliyekufa miezi minne iliyopita hana tena njia ya kuviziwa, na neno “usalama” likitumika kumfunika, linaanza kumlinda mtu badala ya mnyama.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa nje hawalioni: nani hasa anapaswa kusema? Tanzania Bara ina TANAPA kwa hifadhi za taifa na Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro, zote zikiwa na mizizi ya mwaka 1959. Ina TAWA, iliyoanzishwa kwa amri ya mwaka 2014 na kuanza kazi 2016, inayosimamia mapori ya akiba na wanyama walio nje ya hifadhi za taifa na Ngorongoro. Ina TAWIRI kwa utafiti. Juu yao kuna wizara na Idara ya Wanyamapori. Chini yao kuna afisa wanyamapori wa halmashauri, ambaye mara nyingi ndiye anayepigiwa simu na mwenyekiti wa kijiji. Tembo mmoja anaweza kulala kwa TANAPA, akavuka kwa TAWA alfajiri, na mchana akawa kwenye shamba la mtu ndani ya halmashauri. Yeye hajui kwamba amebadilisha msemaji mara mbili.

Mwananchi naye hajui, wala hana sababu ya kujua. Akiambiwa “huyo si wa kwetu, piga TAWA,” anachosikia ni kwamba serikali inamkana tembo wake. Ndipo huja neno ambalo watu wa uhifadhi hawalipendi: “tembo wenu.” Kwenye taarifa rasmi mnyama ni “rasilimali yetu” na “urithi wetu.” Kijijini, akishavunja ghala, ni “tembo wenu, njooni muwachukue.” Umbali kati ya “wetu” na “wenu” ndiyo kazi yote ya mawasiliano ya uhifadhi, na haupunguzwi na picha ya machweo.

Ongeza ngazi za saini. Tukio limetokea saa moja usiku. Askari wa zamu ameripoti kwa mkuu wa kanda. Afisa habari ameandika rasimu, mkuu wa kitengo ameirekebisha, kamishna anatakiwa kuiona, na kama kuna kifo cha mtu, wizara nayo inataka kuipitia. Kila mmoja anaongeza neno la kujikinga na kuondoa moja la kueleza. Kesho yake saa kumi jioni inatoka karatasi yenye nembo isemayo “hali imedhibitiwa na kwa sasa ni shwari.” Video ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp tangu jana. Mwandishi wa redio ya wilaya, aliyepiga simu mara tano bila kujibiwa, amekwisha kumhoji shemeji wa marehemu. Nani atamlaumu?

KWS walilijua hilo mwaka 2016. Miezi ile simba walikuwa wakitoka mara kwa mara kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyo kando kabisa ya jiji. Tarehe 30 Machi dume mmoja, Mohawk, alifika Isinya, kaunti ya Kajiado. Umati ukamzunguka, akamjeruhi mtu, na askari wakampiga risasi. Video ikaenea kuliko maelezo yoyote. Shirika lilieleza kwamba askari walifyatua risasi baada ya mtu kujeruhiwa, na yawezekana kabisa walifanya walichoweza. Lakini swali la umma lilikuwa jingine: mbona hakukuwa na sindano ya usingizi? Hilo ni swali la kujibiwa kabla ya tukio. Watu wachache wanajua kwamba dawa ile hutumiwa na daktari wa wanyama na haimo kwenye mkoba wa kila askari, kwamba haimlazi simba papo hapo, na kwamba mnyama aliyechomwa sindano mbele ya umati anaweza kumrukia mtu kabla hajalala. Ukiyaeleza hayo siku ya kawaida, redioni, ni elimu. Ukiyaeleza huku mzoga ukiwa kwenye skrini za watu, ni utetezi.

Miaka miwili baadaye Kenya ilipata msiba mkubwa zaidi. Mwishoni mwa Juni 2018 faru weusi 11 walianza kuhamishwa kutoka Nairobi na Nakuru kwenda eneo jipya Tsavo Mashariki. Katikati ya Julai wizara ilitangaza kwamba wanane wamekufa. Halafu ikawa tisa. Halafu kumi. Wa kumi na moja alishambuliwa na simba, naye akafa. Maji ya visima vya pale yalikuwa na chumvi nyingi, na wanyama wakawa wanazidi kupata kiu kadiri walivyokunywa. Maofisa walisimamishwa kazi, na waziri akawajibu wakosoaji kwa ukali ambao haukumsaidia. Kwa upande wa mawasiliano, kilichouma zaidi ni hesabu iliyotoka kidogokidogo: kila siku chache, mmoja zaidi. Nani aliyeijua hali ya maji kabla ya lori la kwanza kuondoka? Swali hilo liliulizwa upya kila hesabu ilipopanda.

Hesabu zenyewe zina fundo lake. Tembo hawahesabiwi kama ng'ombe josho. Kwenye maeneo makubwa ndege huruka kwa mistari iliyopangwa, wahesabuji huhesabu walioonekana ndani ya ukanda mwembamba, kisha takwimu hukuzwa kufikia eneo lote. Kinachopatikana ni makadirio yenye kiwango cha makosa juu na chini. Lakini kwenye kichwa cha habari makadirio hugeuka idadi kamili hadi tembo wa mwisho.

Eneo la Ruaha–Rungwa, hapa Tanzania, ni mfano mzuri. Sensa ya 2013 ilitoa tembo 20,090. Ya mwaka uliofuata ikatoa 8,272. Zaidi ya tembo 11,000 wametoweka kwa mwaka mmoja? Kitaifa matokeo yaliyotangazwa Juni 2015 yalikuwa mazito vilevile: kutoka tembo 109,051 mwaka 2009 hadi 43,330 mwaka 2014. Kuhusu Ruaha wizara ilisema mizoga iliyoonekana haitoshi kueleza upungufu huo, ikaamuru eneo lihesabiwe tena. Mwaka 2015 hesabu ikatoa 15,836. Mwenye shaka akasema serikali imehesabu mpaka ikapata namba iliyotaka. Mwenye imani akasema tembo walikuwa wamesogea tu. Mtakwimu angewaambia wote wawili kwamba ndege ileile ikipita juu ya msitu uleule katika msimu mwingine, makundi yakiwa yamejikusanya au yametawanyika, inaweza kurudi na jibu tofauti. Wala hilo halifuti ukweli kwamba tembo waliuawa kwa maelfu katika miaka ile.

Hapo afisa habari anatakiwa kufanya jambo ambalo wakubwa hawalipendi: kutangaza namba pamoja na udhaifu wake, siku hiyohiyo. “Tunakadiria 8,272, huenda ni chini au juu ya hapo kwa kiasi hiki, tunarudia kwa sababu hii.” Ukisubiri watu wahoji ndipo uuseme udhaifu, unaonekana umeutunga. Na ukiutaja tu wakati namba ni mbaya, huku mwaka wa ongezeko ukiitangaza namba tupu kwa mbwembwe, hilo nalo watu huliona.

Sasa mkulima.

Lugha ya serikali kwake ina maneno mawili matamu, kifuta jasho na kifuta machozi. La kwanza ni kwa mazao na mifugo, la pili kwa aliyejeruhiwa na kwa familia ya aliyeuawa. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi 1,000,000 kwa kifo. Kwa mazao ziliweka kiwango kwa ekari, kisichozidi ekari tano, na aliyelima ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi hakustahili kitu. Mawaziri wamesimama bungeni mara nyingi kukumbusha kwamba hii si fidia, ni pole. Kisheria wako sahihi. Fidia huhesabu kilichopotea, pole haihesabu.

Shida ni kwamba mkutano wa kijiji hausomi kanuni. Mtu aliyepoteza ekari nane ameambiwa “andika majina, mtalipwa,” na katika kichwa chake malipo ya kilichopotea huitwa fidia. Baada ya miezi mingi fedha inakuja, ndogo kuliko gharama ya mbegu na nguvu zake, na afisa anamwambia ashukuru kwa kuwa serikali haikuwa na wajibu. Neno lililobuniwa kupoza limegeuka tusi. Kenya walichukua njia nyingine. Sheria yao ya 2013 inaita fidia, na kwa kifo ikaweka shilingi milioni 5 za Kenya. Neno liko wazi na kiasi ni kikubwa, ila madai yalirundikana kwa miaka bila kulipwa, na ahadi iliyo wazi isipotimizwa huuma zaidi. Ukiniuliza lipi bora, ningesema afadhali mkulima ajue siku ya kwanza kabisa, kabla hata ya tembo kufika, ekari ngapi zinahesabika, mita ngapi kutoka mpakani, fomu iko kwa nani, na pesa huchelewa kwa muda gani. Hii ni taarifa ya nusu ukurasa. Inaweza kubandikwa kwenye mti ofisini kwa mtendaji. Ukipita vijiji vingi ukiitafuta, utakuta kalenda yenye picha ya twiga.

Lipo pia fungu la maneno “wanyama wakali na waharibifu,” linalotumika kwenye taarifa zetu. Kwenye ripoti ya bungeni linaonyesha serikali inamwelewa mwananchi. Ukigeuza ukurasa, mnyama huyohuyo ni urithi wa taifa na ukimgusa utafungwa, kwa kuwa pembe, ngozi na hata nyama yake ni nyara za serikali. Sijui mwalimu gani wa Kiswahili angeweza kueleza darasani namna kitu kimoja kinavyokuwa mharibifu na hazina ndani ya taarifa moja, lakini askari wa uhifadhi hutakiwa kueleza hivyo kila wiki, mbele ya watu wenye hasira, mara nyingi bila mafunzo yoyote ya kuzungumza. Ndiye msemaji halisi wa mamlaka. Akifika kuswaga tembo kwa mabomu baridi, yale ya kuwatishia tu, na akamsikiliza mwenye shamba, amefanya kazi ambayo kitengo kizima makao makuu hakiwezi kuifanya. Akifika na kumtukana, hakuna kanusho litakaloifuta.

Na kuna pale ambapo mawasiliano hayawezi kusaidia kwa sababu tatizo si mawasiliano. Tangu 2022 wakazi wa Ngorongoro wamekuwa wakihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema kuhama ni kwa hiari. Wakazi wengi na watetezi wao wanapinga kwamba ni hiari ya kweli. Afisa habari anaweza kuliandika neno “hiari” mara mia, na halitakuwa na uzito kuliko alichonacho aliye pale, akitazama kama zahanati na shule yake bado zinapata huduma. Vijana wanaoingia kwenye kazi hii wajue hilo mapema. Wataagizwa “waelimishe wananchi” kwenye mambo ambayo wananchi wameyaelewa vizuri sana na hawakubaliani nayo tu.

Wakati mwingine, kwa upande mwingine, kazi ni nyepesi kuliko inavyoogopwa. Oktoba 2020 Mlima Kilimanjaro ulipowaka, moto ulionekana usiku kutoka mbali kule chini. Hakukuwa na namna ya kuuficha, TANAPA wakakiri upo, wakasema nani anauzima, na watu wa Moshi wakapanda mlima kusaidia. Tukio linaloonekana na kila mtu humlazimisha msemaji kuwa mkweli. Yale yanayotokea porini pasipo shahidi ndiyo yanayompima.

Faru Fausta aliishi kreta ileile ya Ngorongoro. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alimwona mara ya kwanza mwaka 1965, akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Afya yake ilianza kudhoofu mwaka 2016, fisi wakamjeruhi, akawekwa kwenye uzio na kutunzwa humo. Alikufa Ijumaa usiku, tarehe 27 Desemba 2019, akiwa na miaka 57, na mamlaka ilitangaza mara moja: siku, umri, historia yake ya ugonjwa, mahali alipofia, na kwamba kifo kilikuwa cha kawaida. Magazeti yakaandika habari za faru mzee.